Nguo za mlimani mwilini mwa mwindaji: zinafaa wapi, zinaharibu wapi

Bunda la jaketi likifunguliwa asubuhi Gikomba, soko la mitumba la Nairobi, kila kitu hutundikwa kwenye kamba moja. Jaketi ya mpanda mlima, ya mvuvi wa mtoni, ya mtelezaji wa theluji na ya mwindaji wa kulungu kule Ujerumani, zote huitwa "jaketi ya baridi". Bei hutegemea kama ni kamera, yaani chaguo la kwanza, au ni fagia, yaani masalio. Kazi ambayo jaketi ilishonewa haimo kwenye hesabu. Sasa mtu wa Nairobi anayejiandaa kwenda kuwinda kwa kibali nje ya nchi, au anayefuata wanyama kwa miguu ili awapige picha, tayari ana kabati la nguo alizonunulia Ngong, Longonot na Mlima Kenya. Je, zinatosha, au aanze upya?

Nyingi zinatosha. Zinazobaki zinakataa kwa sababu moja inayojirudia. Nguo ya mlimani hushonewa mtu ambaye hasimami: anatembea, anatoa jasho, anataka wepesi, na akipotea anataka waokoaji wamwone kutoka mbali. Mwindaji hukaa palepale saa nzima bila kutikisika, hupenya vichaka vya miiba, na hataki mnyama amwone wala amsikie. Ukilishika hilo, unaweza kusimama mbele ya kamba ya mtumba ukajiamulia mwenyewe bila kusoma lebo.

Sheria kwanza, maana inaamua hata rangi

Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa michezo mwezi Mei 1977, na upigaji wa ndege kwa bunduki, ambao ulikuwa bado unaruhusiwa, ukafungwa 2003. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013 haimwachii raia mwanya, awe na bunduki au mtego wa waya. Kwa hiyo mwindaji tunayemzungumzia ni mwenye kibali katika nchi inayoruhusu, kama Tanzania, Namibia au Afrika Kusini. Anayebaki hapa na kutembea kwa miguu Hell's Gate akitafuta picha ya pofu au ya swala, mwili wake una mahitaji yaleyale, na karibu kila tunaloeleza linamhusu.

Kuna jambo moja la kisheria ambalo wengi hulikuta njiani wakiwa wamechelewa. Jaketi nyingi za wawindaji wa Marekani zina michoro ya majani na magome ya miti. Kule ni nguo ya kawaida ya dukani. Hapa, Kanuni ya Adhabu inamkataza raia kuvaa bila idhini sare ya jeshi au vazi linalofanana nayo, na askari wa kizuizi cha barabarani hatakaa chini kupambanua jani la mwaloni na madoa ya kombati. Tanzania nako ni hivyohivyo: mwaka 2023 jeshi la nchi hiyo, JWTZ, liliwapa raia siku 7 wasalimishe mavazi ya kijeshi na yanayofanana nayo. Jaketi ya namna hiyo, hata ikiwa kamera, iache kwenye kamba. Jihadhari pia na kijani kibichi kilichokolea juu na chini pamoja na buti jeusi, kwa maana ukiwa hivyo unaonekana kama askari wa wanyamapori. Changanya: shati la kaki, suruali ya kahawia, kofia ya kijivu. Mnyama hatajali, na wewe utafika.

Kitambaa kinachosema

Hapa ndipo nguo za mlimani huanguka vibaya zaidi, na ndipo watu hawaangalii.

Ng'ombe, ambaye yuko ukoo mmoja na nyati na swala, husikia sauti nyembamba hadi karibu kilohezi 35. Sikio la kijana mzima huishia karibu 20. Mkwaruzo wa kitambaa kigumu umejaa sauti nyembamba za juu, kwa hiyo kile unachokisikia wewe kama "shwa" ndogo kwenye kiwiko, mnyama anaweza kuwa anakisikia kwa ukamilifu kuliko wewe. Tena porini hakuna kitu kingine kinachotoa sauti hiyo. Tawi likivunjika huenda ni ngiri. Nailoni ni mtu tu.

Jaketi ya mvua ya mlimani kwa kawaida ni tabaka tatu zilizogandishwa pamoja: nailoni au poliesta nje, utando wa kuzuia maji katikati, kama ule wa Gore-Tex, na kitambaa chembamba ndani. Zikishikamana huwa ngumu kama karatasi nzito. Kufua kunailainisha kidogo, lakini haitakuwa kimya.

Kuna jaribio la dakika 2. Kata tawi kavu la mchongoma. Nairobi haikosi ua wa mchongoma. Nyoosha mkono wa jaketi mbele yako, kisha upitishe tawi polepole kutoka kwenye kiwiko hadi kwenye kiganja. Halafu kwaruza kitambaa kwa ukucha. Halafu uivae, inua mikono yote miwili hadi machoni kana kwamba umeshika darubini, kisha ishushe. Sikiliza kwapani na kwenye viwiko. Kwa suruali, tembea hatua 10 na usikilize katikati ya mapaja. Fanya haya nyumbani usiku, redio ikiwa imezimwa. Pale sokoni, kati ya mikokoteni na honi za matatu, kila jaketi ni kimya, na ndiyo maana watu hununua vibaya.

Kitambaa kimya kuliko vyote ni sufu. Flisi, kile kitambaa laini cha poliesta chenye manyoya, inaifuata kwa karibu, kisha pamba nzito ya kaki iliyofuliwa mara nyingi hadi ikalegea, kisha jaketi za poliesta inayonyumbulika ambazo upande wa nje umekwanguliwa ukawa na vinyweleo. Suruali nyembamba za safari, zile zenye zipu magotini, ziko katikati: nyingine zinakubalika, nyingine zinapiga kelele kama pakiti ya krispi. Mwisho kabisa ni jaketi ya mvua na jaketi ya manyoya ya bata yenye kitambaa cha kuteleza.

Usiitupe jaketi ya mvua. Geuza mpangilio: ivae ndani, na juu yake uvae flisi iliyo saizi moja zaidi ya yako. Mpanda mlima atashangaa, kwa kuwa flisi italowa. Ni kweli italowa, lakini kwa umande na manyunyu ya asubuhi wewe uliye chini ya utando utabaki mkavu, na upande wa nje hautasema. Gharama yake ni jasho na uzito, hivyo inamfaa mtu anayetembea pole au aliyekaa, haimfai anayepanda kwa kasi. Mvua ikianza kupiga kwelikweli, toa flisi uirudishe ndani. Matone juu ya majani yanapiga kelele kuliko jaketi yako, na kwa muda huo uko huru.

Flisi ina adui, naye ni kishona nguo. Mbegu zake nyembamba nyeusi zina meno mawili au matatu kichwani, na kila jino lina vimiba vinavyoangalia nyuma. Zikiingia kwenye flisi hazitoki kwa kukung'uta, utazing'oa moja moja kwa kucha. Kikwata naye ana miiba mifupi iliyopinda kama kucha ya paka, ikikaa miwili miwili, na huvuta nyuzi hadi flisi ikawa na mashimo. Mahali pa kichaka kizito, kaki ya pamba ndiyo bora. Flisi ibaki ya asubuhi na ya sehemu zilizo wazi.

Fundi anaweza kukusaidia sana hapa. Mpelekee suruali kuukuu ya kaki, iliyokwisha kulegea, akate viraka ashone kwenye viwiko, mabegani na mbele ya mapaja ya nguo yako ya flisi au ya nailoni laini. Mwambie atumie uzi wa poliesta na apitishe mshono mara mbili. Uzi wa pamba huoza kwa jasho. Asiguse jaketi ya mvua kwa sindano. Kila tundu la sindano ni mlango wa maji mpaka lizibwe kwa utepe wa mshono upande wa ndani.

Kisha vidude vidogo. Velkro hutoa sauti ya kupasuka, ing'oe mifukoni na uweke vifungo. Vyuma vya kuvutia zipu vikate, funga kipande cha kamba ya kiatu. Vishikizo vya plastiki vya shanta vinavyogongana, vizungushie kipande cha blada ya baiskeli. Mfuko wa maji wenye mrija hucheua ndani ya begi ukiwa na hewa: ujaze, ugeuze juu chini, nyonya hewa yote kwa mrija mpaka maji yaanze kuja. Simu izimwe kabisa, kwa kuwa hata mtetemo wake mfukoni juu ya funguo unasikika.

Rangi: bluu ndiyo mbaya, si nyekundu

Watu wengi huogopa jaketi nyekundu wakavaa jinzi. Wamegeuza mambo.

Jicho la mtu lina aina 3 za seli za kutambua rangi. Kulungu, swala, nyati na ng'ombe wana 2. Utafiti wa kulungu wa mkia mweupe uliochapishwa Marekani mwaka 1994 ulionyesha kwamba anakosa ile inayotusaidia sisi kutenganisha nyekundu na kijani. Kwake nyekundu na rangi ya machungwa hufifia na kuungana na nyasi. Bluu haififii, kwake ndiyo inayojitokeza, tena jicho lake hupitisha sehemu ya mwanga wa urujuanimno ambao lenzi ya jicho letu huuzuia. Hii ndiyo sababu majimbo mengi ya Marekani yanaweza kumlazimisha mwindaji avae machungwa inayowaka bila kumharibia kazi. Colorado, kwa mfano, inataka inchi za mraba 500 juu ya kiuno, sawa na sentimita za mraba 3,200 hivi, pamoja na kofia. Mwindaji mwenzako anakuona, kulungu haoni ajabu. Kwa hiyo koti lako la mlimani la rangi ya machungwa lina kazi halali mahali kama hapo, ilimradi liwe kimya.

Ndege ni jambo jingine. Kanga na kwale wana aina 4 za seli hizo, wanaona nyekundu vizuri na urujuanimno pia. Kwao machungwa ni bendera.

Sabuni nayo ina neno. Sabuni nyingi za unga huwekwa kemikali ya kung'arisha, inayomeza mwanga wa urujuanimno na kuutoa tena ukiwa wa bluu. Ndiyo inayofanya shati jeupe lionekane jeupe kupita kiasi. Shati la kaki lililofuliwa kwa sabuni hiyo linatoa kijimwanga cha bluu ambacho wewe hukioni. Chukua ile tochi ya zambarau wanayotumia wenye maduka kukagua noti, zima taa, mulika nguo zako. Inayowaka kwa weupe wa bluu ina king'arishi. Ifue mara kadhaa kwa sabuni isiyo na kemikali hiyo. King'arishi hupungua polepole, ingawa kwenye vitambaa vingine kimetiwa kiwandani na hakitoki. Wako wawindaji wanaolipa jambo hili uzito mkubwa mno. Kwa maoni yetu, mkono unaopanda ghafla kukuna sikio unakusaliti mara nyingi zaidi kuliko sabuni. Lakini kupima hakugharimu kitu.

Bluu ina ubaya wa pili, na huu unauma. Mitego ya mbung'o hushonwa kwa vitambaa vya bluu na vyeusi kwa sababu rangi hizo humvuta. Suruali ya mlimani ya bluu iliyokolea, ukienda nayo kwenye misitu ya miombo ya kusini na magharibi mwa Tanzania, au hapa kwetu Ruma katika bonde la Lambwe, ni mtego unaotembea, na chambo ni wewe. Tena mbung'o hutoboa kitambaa chembamba bila taabu, na dawa za kujipaka hazimzuii sana. Vaa rangi za udongo, kitambaa cha uzito wa kati, tena kilicholegea ili kisigande kwenye ngozi.

Kupe ni rahisi zaidi. Dawa ya permethrini ya asilimia 0.5, iliyotengenezewa nguo, inapulizwa nje ya nyumba kwenye soksi, pindo za suruali na kiuno, inaachwa ikauke kabisa ndipo nguo ivaliwe. Haipakwi mwilini. Ikiwa mbichi ni sumu kwa paka, kwa hiyo usianike barazani. Usitumie badala yake dawa ya kuogeshea ng'ombe kutoka duka la mifugo. Imekolezwa mara nyingi zaidi na haikukusudiwa kukaa kwenye ngozi ya mtu.

Baridi ya aliyekaa

Mtu aliyekaa hutoa joto la wati 100 hivi. Akipanda kilima hutoa mara 5 au zaidi. Nguo za mlimani zimepangwa kwa hesabu ya pili, na ndiyo maana mtu anayestarehe akipanda Ngong kwa fulana na koti jepesi huanza kutetemeka dakika 20 baada ya kukaa chini. Mwindaji anazo hesabu zote mbili katika asubuhi moja: nusu saa ya kutembea, kisha saa mbili za kukaa. Anayevaa kwa ajili ya kukaa atafika amelowa jasho, na jasho hilo ndilo litakalompoza.

Mpangilio ni huu. Anza kutembea ukiwa na ubaridi kidogo, fulana na shati tu, koti zito likiwa juu kabisa ndani ya shanta. Dakika 10 kabla ya kufika, punguza mwendo. Ukifika, usivae mara moja. Fungua vifungo, subiri dakika 3 hadi 5 joto lipungue. Kama fulana imelowa, ibadilishe, hata kama ni kero, kisha vaa koti kabla baridi haijaanza. Ukingoja utetemeke, koti halitakuwa na joto la kulitunza.

Kalia kitu. Ardhi huvuta joto kupitia makalio kuliko hewa inavyolivuta mgongoni. Kipande cha godoro la povu gumu la kulalia kambini, sentimita 40 kwa 40, kinatosha na hakina sauti. Godoro la kujazwa hewa lisahau: linalia, na mwiba mmoja wa mgunga unalimaliza.

Kuhusu kitambaa cha ndani, tofauti ni ya maji. Katika hewa ya kawaida poliesta hushika unyevu wa chini ya asilimia 1 ya uzito wake, pamba karibu 8, sufu karibu 16, na sufu inaweza kufika karibu theluthi ya uzito wake kabla hujaisikia mbichi. Pamba ikilowa hukaa mbichi na kukupoza. Ni nzuri mchana wa jua kali, ni mbaya alfajiri. Poliesta hukauka upesi lakini hushika harufu ya kwapa hata baada ya kufuliwa. Sufu ndiyo inayotushawishi, na kwenye mtumba imejaa, ila imechanganyikana na sweta za akriliki zinazofanana nayo. Vuta uzi mmoja kutoka kwenye mshono wa ndani, uwashe kwa kiberiti. Sufu hunuka kama nywele zilizoungua na kubaki jivu linalosagika. Akriliki na poliesta huyeyuka zikawa tone gumu. Mwombe muuzaji ruhusa kwanza.

Jaketi ya manyoya ya bata ina joto kuliko uzito wake, lakini mwiba unaichana na nailoni yake inalia. Ivae ndani ya shati kubwa la kaki. Kando ya moto iwe mbali, maana cheche moja huyeyusha tundu.

Mvua na kitambaa kilichoanza kunywa

Jaketi ya mtumba ikianza kulowa nje, wengi hudhani utando umekufa. Mara nyingi kilichokufa ni dawa ya juu ya kitambaa inayofanya maji yawe matone. Nyunyiza maji mkononi: yakikimbia kama kwenye jani la gimbi, iko sawa, yakinywewa na kitambaa kikawa cheusi, fua kwa sabuni ya maji isiyo na kilainishi, suuza mara mbili, ianike. Ikikauka, pitisha pasi ya moto mdogo juu ya kitambaa kikavu cha pamba ulichotandika juu yake. Joto huiamsha dawa iliyobaki. Isipoamka, puliza mpya. Utando uliokufa kweli utauona kwa ndani: tabaka linabambuka kama ngozi iliyoungua jua, hasa kwenye kola na mabega. Hiyo haitengenezeki.

Miguu

Mabuti ya mlimani yana hatari iliyojificha. Mengi yana tabaka la povu la poliyurethani kati ya soli na ngozi ya juu. Povu hilo huoza kwa unyevu wa hewa hata kiatu kikiwa kabatini, na baada ya miaka kadhaa hubomoka kama mkate mkavu. Buti la mtumba linaweza kuwa halijavaliwa mara 10, ngozi inang'aa, na soli ikabanduka siku ya kwanza, kilomita nyingi kutoka kwenye gari. Bonyeza povu kwa kidole gumba kwa nguvu, kunja soli, angalia kando. Likiwa na nyufa nyembamba, likinata, au likiacha alama ya kucha isiyorudi, weka chini.

Viatu vyepesi vya kukimbilia milimani vina povu jingine lisilooza hivyo, lakini mwiba mrefu wa mgunga unalipita mpaka kwenye nyayo. Porini unataka mpira mzima chini, si povu lililopakwa mpira juu juu. Akala zimewashinda watengenezaji wengi kwa jambo hilo moja, maana tairi haipitishi mwiba na haina kelele kwenye vumbi, ingawa zinaacha vidole wazi. Safari Boots za Bata kutoka Limuru ni njia ya kati: ngozi laini isiyokwaruza, soli isiyogonga mawe. Soli ngumu yenye meno makubwa, nzuri kwenye tope la Aberdare, hupiga kelele kwenye changarawe na kubeba mawe madogo katikati ya meno.

Vifuniko vya miguuni vya nailoni huzuia mbegu za nyasi zisiingie soksini, lakini vinasugana, na havizuii meno ya kifutu. Nyoka huyu hakimbii, hulala palepale akitegemea rangi yake. Kinachokukinga ni kuangalia unapokanyaga, pamoja na buti la kufunika kifundo na suruali pana.

Mgongoni

Shanta la lita 50 au 60 lenye mkanda wa kiunoni linatosha, lakini limekusudiwa kilo 15 hadi 20. Dume la swala pala hufika kilo 60 akiwa mzima, na hata akishachunwa na kutolewa matumbo bado ni mzigo wa watu wawili. Ukijaza kwa nguvu, kinachokatika kwanza ni mshono wa mkanda wa bega pale juu unapoungana na mgongo. Mwambie fundi aupitie kwa uzi wa viatu kabla ya safari.

Nyama haipakiwi ikiwa na moto. Huanza kuharibika karibu na mfupa, mahali joto linapochelewa kutoka. Shona mifuko ya pamba kutoka kwenye shuka kuukuu, sentimita 50 kwa 80, itundike nyama kivulini ipate upepo, ndipo uibebe. Mfuko wa kuzuia maji unaotumiwa mlimani hufunga joto ndani. Tumia kwa nguo tu. Na usifikirie mifuko ya plastiki ya dukani: Kenya iliipiga marufuku Agosti 2017, Tanzania Juni 2019, na pale Namanga mabegi hukaguliwa. Ndani ya shanta tandika kipande cha turubai. Damu ikipita, fua kwa maji baridi, kwa sababu ya moto huigandisha kwenye nyuzi.

Darubini ndogo ya mfukoni, 8x25, inatosha mchana. Gawanya kipenyo cha lenzi kwa ukuzaji: 25 kwa 8 ni milimita 3 na kidogo, huo ndio upana wa mwanga unaofika jichoni. Alfajiri mboni yako imefunguka milimita 5 au zaidi, kwa hiyo unaona giza. Ya 8x42 hutoa milimita 5.25. Huku kwetu karibu na ikweta mapambazuko ni mafupi, na dakika hizo ndizo wanyama wanapotembea. Kama kuna kifaa kimoja cha kununua upya, tungesema ni hiki. Fimbo mbili za mlimani zikifungwa msalaba kwa blada karibu na vichwa, zikavishwa vifuniko vya mpira nchani ili zisigonge mawe, hushika darubini au lenzi ndefu bila mtikisiko.

Harufu, na safari ya kurudi

Hakuna nguo inayofuta harufu ya mtu. Upepo ndio unaoamua, na kifaa bora cha kuupima hakiuzwi dukani: soksi kuukuu iliyojaa majivu makavu yaliyochekechwa. Itikise, angalia vumbi linaelekea wapi, na ubaki upande ambao linakujia usoni. Fanya hivyo kila baada ya dakika chache, kwa kuwa jua likipanda upepo hugeuka.

Kabla ya kuvuka mpaka kurudi nyumbani, fua kila kitu, piga soli brashi, ng'oa kishona nguo. Kisha pindua mifuko yote ya jaketi na ya shanta nje. Sheria ya Kenya haitofautishi pembe uliyoinunua na mwiba wa nungu uliouokota njiani ukautia mfukoni bila kufikiri. Bila kibali, vyote ni nyara.